Digrii ya Uprogramu ya Miaka Miwili Marekani: Piga Hesabu Kabla ya Kujiandikisha

Katika miji ya Marekani yenye wasemaji wengi wa Kiswahili, kama Louisville na Lexington za Kentucky, Houston, Cedar Rapids au Portland ya Maine, chuo kilicho karibu na chenye ada ndogo kuliko vyote ni chuo cha jamii, ambacho wengi hukiita komyuniti koleji. Karibu kila kimoja kina kozi ya kuandika programu za kompyuta. Mwongozo huu ni wa mtu aliye kazini, mwenye familia ya kulisha na pengine ndugu nyumbani wanaotegemea anachotuma kila mwezi, anayejiuliza kama kozi hiyo italipa.

Msimamo wetu ni huu. Digrii hiyo ikisimama peke yake, kwa mtu anayetaka kuajiriwa kama mwandishi wa programu, leo hailipi vizuri. Ikiwa ni nusu ya kwanza ya digrii ya miaka minne, au nyongeza juu ya kazi unayoijua tayari, inalipa sana. Na kinachoamua iwe ipi kati ya hizo ni masomo unayoyachagua katika muhula wa kwanza kabisa, wakati wengi hawajui bado kwamba kuna uamuzi wa kufanya.

Digrii mbili zinazofanana kwa jina

Chuo kimoja kinaweza kutoa digrii mbili za kompyuta za miaka miwili, zote zikiwa na takriban krediti 60 (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), zote zikifundishwa na walimu walewale. Moja huandikwa A.A.S. (Associate of Applied Science), nyingine A.S. (Associate of Science). Herufi moja hiyo ina thamani ya maelfu ya dola.

A.A.S. imetengenezwa kwa ajili ya kuingia kazini. Utasoma lugha kama Java, C# au Python, hifadhidata kwa SQL (lugha ya kuulizia data), utengenezaji wa tovuti, Linux na uchambuzi wa mifumo. Hesabu ni kidogo, mara nyingi aljebra ya chuo tu. A.S. imetengenezwa kwa ajili ya kuhamia chuo kikuu: masomo ya uprogramu ni machache zaidi, lakini kuna kalkulasi ya kwanza na ya pili, hesabu za diskriti, mara nyingi fizikia, pamoja na masomo ya jumla ya uandishi na sayansi ya jamii.

Mwenye A.A.S. akibisha hodi chuo kikuu baadaye, sehemu kubwa ya krediti zake hupokelewa kama masomo ya ziada yasiyohesabika kwenye digrii, au hukataliwa. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi wanaohama chuo hupoteza wastani wa asilimia 43 ya krediti zao. Kwa krediti 60 hizo ni kama 26, yaani karibu mwaka mzima wa masomo uliokwisha kuulipia.

Kwa hiyo, ukiwa na hata wazo dogo kwamba siku moja utataka digrii ya miaka minne, chukua A.S., kisha tumia nafasi za masomo ya hiari kuongeza SQL na somo moja la tovuti. Mwenye A.S. anaweza kuomba kazi zilezile anazoomba mwenye A.A.S. Kinyume chake hakipo kirahisi. Zipo njia zilizojengwa makusudi: Green River College katika jimbo la Washington kina digrii yake ya miaka minne ya utengenezaji wa programu inayoanzia kwenye ile ya miaka miwili, na Western Governors University, chuo cha mtandaoni, hupokea wahitimu wengi wa vyuo vya jamii. Lakini hayo yahakikishe kwa maandishi kabla ya kuyategemea.

Namna ya kuhakikisha ni ya kizamani na haishindwi. Chapisha orodha ya masomo ya digrii ya chuo cha jamii na orodha ya masomo ya chuo kikuu unachokilenga, uziweke mezani kando kwa kando, kisha uchore mstari kutoka kila somo la upande mmoja hadi linapoingia upande wa pili. Somo lisilo na mstari ni pesa inayomwagika. California ina tovuti ya ASSIST.org inayoonyesha ulinganisho huo kwa vyuo vya umma vya jimbo zima. Kwingineko, mwandikie barua pepe mshauri wa wanafunzi wanaohamia wa chuo kikuu chenyewe, na uyahifadhi majibu yake. Usitosheke na neno la mshauri wa chuo cha jamii, kwa sababu si yeye atakayepokea krediti zako.

Hati zako za uhamiaji

Raia, mwenye kadi ya kijani, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyekubaliwa hifadhi huingia katika mfumo wa misaada ya serikali kuu. Mkimbizi aende ofisi ya msaada wa fedha na I-94 yake, yaani rekodi ya kuingia nchini, mkononi. Anayengoja uamuzi wa ombi lake la hifadhi, hata akiwa na kibali cha kazi, hapati msaada wa serikali kuu. Yeye apige hesabu kwa ada ya jimbo na mfuko wake mwenyewe.

Ada hutegemea pia ukaazi. Majimbo mengi hutaka uwe umeishi humo miezi 12 kabla ya kutoza ada ya mwenyeji, na baadhi huwasamehe wakimbizi sharti hilo. Aliyeshinda bahati nasibu ya viza na kutua mwezi Juni asikimbilie kujiandikisha Agosti kabla ya kuuliza. Kusubiri mwaka mmoja akifanya kazi na kuboresha Kiingereza kunaweza kupunguza ada kwa zaidi ya nusu. Weka ushahidi tangu siku ya kwanza: mkataba wa nyumba, leseni ya udereva, ritani ya kodi ya jimbo.

Aliyeko Nairobi, Dar es Salaam au Kampala anayefikiria kuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, asikilize kwa makini zaidi, maana hapa ndipo familia huuza viwanja. Hatapata msaada wa serikali kuu wala ada ya mwenyeji. Mihula ya masomo inapoendelea, anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki. Lazima asome krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni linalohesabiwa. Akimaliza digrii ya miaka miwili anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi kwa miezi 12. Ile nyongeza ya miezi 24 inayotolewa kwa fani za sayansi na teknolojia huanzia digrii ya miaka minne. Ya miaka miwili haimo. Viza ya mfanyakazi, H-1B, nayo ni ya kazi zinazohitaji angalau digrii ya miaka minne. Kwa mwanafunzi wa F-1, basi, chuo cha jamii kina maana ikiwa tu pesa ya miaka yote minne inaonekana tangu mwanzo.

Gharama: ada ndiyo sehemu ndogo

Kwa mwaka wa masomo 2024–25, shirika la College Board lilitaja wastani wa ada ya vyuo vya jamii vya umma kwa wenyeji kuwa dola 4,050 kwa mwaka, na ya vyuo vikuu vya umma kwa wenyeji wa jimbo kuwa dola 11,610. California hutoza wakazi wake dola 46 kwa krediti, kwa hiyo krediti 60 ni dola 2,760.

Juu ya hapo kuna vitabu, na hapa masomo ya uprogramu yana nafuu: walimu wengi hutumia vitabu vya bure vya mtandaoni. Lakini baadhi ya masomo hudai msimbo wa kufungulia mazoezi ya mtandaoni, ambao haununuliki mkononi kwa mtu. Laptopu iwe na angalau RAM ya gigabaiti 16 na diski ya SSD. Yenye 8 itakukwamisha utakapoanza kuendesha hifadhidata, kivinjari na kihariri cha msimbo kwa pamoja. Chromebook haitoshi. Tenga dola 700 hadi 1,000, au nunua iliyotumika ya kiofisi kama ThinkPad kwa chini ya hapo.

Sasa gharama kubwa, ambayo haimo kwenye karatasi yoyote ya chuo: saa zako. Kipimo cha kawaida cha vyuo vya Marekani ni kwamba kila krediti inadai saa moja ya darasa na saa mbili za kujisomea kila wiki. Krediti 12 ni saa 36 kwa wiki. Uprogramu mara nyingi huzidi hapo, kwa sababu kosa moja dogo katika msimbo linaweza kula jioni nzima, na anayesoma kwa lugha ya tatu au ya nne husoma maelezo mara mbili. Mtu anayefanya kazi saa 40 na kuchukua krediti 12 amejipangia wiki ya saa 76 kabla ya kupika, kulea na kwenda ibadani. Wanaoanguka muhula wa kwanza, wengi wao wanaangushwa na hesabu hii, akili wanayo.

Mpango unaobebeka kwa mwenye kazi ni krediti 9 katika mihula mirefu na 6 wakati wa kiangazi. Ukianza Agosti utasoma mihula mirefu mitano, minne ya krediti 9 na wa mwisho wa 12, pamoja na viangazi viwili: jumla krediti 60 kwa miaka miwili na nusu. Muhula mrefu ni wiki 16 na wa kiangazi wiki 8, hivyo ni wiki 96 za masomo. Ukiwa unalipwa dola 20 kwa saa ghalani na ukapunguza kazi kutoka saa 40 hadi 25, unapoteza dola 300 kwa wiki, yaani dola 28,800 kwa kozi nzima. Hapo ovataimu unayoiacha haijahesabiwa. Linganisha na ada ya dola 8,100.

Kwa hiyo kila mbinu inayookoa saa ina thamani kuliko mbinu inayookoa ada. Darasa la jioni umbali wa dakika kumi linaweza kuwa nafuu kuliko la bure lililo umbali wa saa nzima. Na zungumza na wa nyumbani mapema: kama fedha unayotuma itapungua kwa miaka miwili na nusu, ndugu waambiwe kiasi na tarehe kabla muhula haujaanza, ili simu ya dharura isikuondoe darasani katikati.

Nani atalipa

Anza na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwenye studentaid.gov. Ni fomu ya bure. Anayekutoza pesa kuijaza mkwepe. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa mwaka wa masomo unaofuata, na hutumia taarifa za kodi za miaka miwili nyuma. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 24, asiye na ndoa wala mtoto anayemlea, kwa kawaida huhitaji taarifa za wazazi. Ikiwa kipato kimeanguka tangu mwaka ule, peleka ushahidi ofisi ya msaada wa fedha uombe hesabu irudiwe. Wana mamlaka ya kufanya hivyo, lakini hawatakuita.

Ruzuku ya Pell, inayotolewa na serikali kuu, kwa 2025–26 ilifikia dola 7,395 kwa mwaka kwa kipato cha chini, na hairudishwi. Hupungua kulingana na krediti: ukichukua 9 badala ya 12 unapata robo tatu. Ikizidi ada, kinachobaki hulipwa kwako kwa ajili ya vitabu na maisha. Mtego wake ni kwamba ina kikomo cha maisha, sawa na mihula 12 ya kusoma kikamilifu. Anayeitumia kwa mihula mingi ya Kiingereza na hesabu za msingi, kisha akabadili kozi mara mbili, hufika chuo kikuu imekaribia kwisha, hapo hasa ada inapokuwa kubwa.

Majimbo kadhaa yamelipia vyuo vya jamii kabisa au karibu kabisa: Tennessee kwa Tennessee Promise na Reconnect, Michigan kwa Reconnect kwa watu wazima, Massachusetts kwa MassEducate tangu 2024, New Mexico kwa Opportunity Scholarship. Minnesota ina North Star Promise kwa familia zenye kipato cha chini ya dola 80,000. New York ilianzisha mwaka 2025 mpango wa watu wa miaka 25 hadi 55 katika fani zenye uhitaji, teknolojia ikiwemo.

Mwajiri naye asisahaulike. Amazon ina Career Choice kwa wafanyakazi wanaolipwa kwa saa waliotimiza siku 90. Kampuni ya nyama ya JBS, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, ina Better Futures kwa wafanyakazi na watoto wao. Louisville kuna Metropolitan College, ambapo wafanyakazi wa zamu ya usiku ya UPS hulipiwa ada, Jefferson Community and Technical College kikiwemo. Sheria ya kodi huruhusu mwajiri kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi juu yake. Soma masharti ya kubaki kazini, na uulize kama wanalipa mwanzoni mwa muhula au wanakurudishia baada ya matokeo.

Mwisho, wakati wa kujaza kodi kuna nafuu iitwayo American Opportunity: hadi dola 2,500 kwa mwaka kwa miaka minne, na hadi dola 1,000 kati ya hizo unaweza kurudishiwa hata kama hudaiwi kodi. Ada na vitabu ulivyolipia mwenyewe vinahesabiwa, kwa hiyo tunza risiti, na umwonyeshe anayekujazia kodi fomu ya 1098-T kutoka chuoni. Sharti moja ni uwe unasoma angalau nusu ya mzigo kamili kwa muhula mmoja wa mwaka huo.

Mkopo wa serikali kuu uwe wa mwisho. Kwa riba ya asilimia 6.39 iliyowekwa kwa 2025–26, kila dola 10,000 hulipwa kwa kama dola 113 kwa mwezi kwa miaka kumi.

Krediti ulizo nazo tayari, na ngazi ya hesabu

Kabla ya kulipia somo lolote, dai ulicho nacho. Aliyesoma kwa Kifaransa Kongo, Burundi au Rwanda anaweza kufanya mtihani wa Kifaransa wa CLEP, mitihani inayokupa krediti bila kukaa darasani. Alama 50 kwa kawaida humpa krediti 6, na alama ya juu zaidi humwongezea. Shirika la Modern States hulipia ada ya mitihani ya CLEP ukimaliza kozi yao ya bure. Kiswahili nacho kina mtihani wa mazungumzo wa ACTFL, shirika la walimu wa lugha za kigeni, ambao vyuo vingine huupokea kutimiza sharti la lugha ya kigeni. Vyeti vya sekondari na vya chuo kutoka nyumbani vipelekwe kutafsiriwa na kutathminiwa mapema, maana kazi hiyo huchukua wiki au miezi. Stashahada au mwaka wa chuo kikuu uliouacha nyuma usiufiche kwa kuona aibu. Unaweza kukupunguzia muhula mzima wa masomo.

Upande wa pili wa sarafu ni mtihani wa kupangiwa darasa la Kiingereza na hesabu. Wengi huenda kuufanya bila maandalizi kwa sababu waliambiwa hauna kufeli. Ni kweli hauna kufeli, lakini ngazi ya A.S. ni aljebra ya chuo, kisha hesabu za kuelekea kalkulasi, kisha kalkulasi ya kwanza, kisha ya pili, na kila somo hulifungulia jingine. Ukiwekwa ngazi mbili chini, umeongeza mihula miwili. Aliyefanya hesabu kidato cha sita Tanzania au aliyefaulu vizuri KCSE anaijua kalkulasi au anaikaribia, ila amesahau. Jipe wiki sita na Khan Academy, saa moja kwa siku, ndipo uombe mtihani.

Malipo: kazi zipi hasa

Takwimu za ofisi ya takwimu za kazi, BLS, za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa katikati wa watengenezaji wa programu kuwa dola 133,080 kwa mwaka. Ni namba hiyo inayowekwa kwenye matangazo ya kozi. Inawahusu watu wa miaka yote ya uzoefu, na BLS yenyewe huitaja digrii ya miaka minne kuwa elimu ya kawaida ya kuingilia kazi hiyo. Kazi inayofunguka zaidi kwa mwenye digrii ya miaka miwili ni ya usaidizi wa kompyuta na mitandao, ambayo mshahara wake wa katikati ulikuwa dola 61,550, na anayeanza hupata chini ya hapo.

Soko nalo limebadilika. Matangazo ya kazi za uprogramu yalifurika 2021 na mwanzoni mwa 2022, kisha yakashuka chini ya kiwango cha kabla ya korona. Mwaka 2025 tawi la New York la benki kuu ya Marekani lilitoa takwimu zilizoonyesha wahitimu wapya wa sayansi ya kompyuta wenye digrii ya miaka minne wakiwa na ukosefu wa kazi wa asilimia 6.1. Hao ndio utakaopanga nao foleni. Zana za akili mnemba zinaandika sehemu ya msimbo ambao zamani alipewa mgeni wa kazi ajifunzie.

Ndiyo maana tunamshauri mwenye digrii ya miaka miwili aanze kutafuta pale alipo. Karani wa ghala anayeweza kuandika SQL na kutoa ripoti ya mizigo inayochelewa ana kitu ambacho kijana wa chuo kikuu hana: anajua mizigo inavyochelewa. Ni hivyo pia kwa mhudumu wa hospitali anayeelewa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, au fundi wa kiwanda anayesoma jinsi mashine zinavyopangiwa kazi. Vyeo vya kutafuta ni mchambuzi wa ripoti, msimamizi msaidizi wa mfumo, mjaribu programu, msaidizi wa kompyuta. Shule za umma, kaunti na hospitali huajiri kwa vyeo hivi bila kelele na huwa na bima nzuri ya afya.

Namba nyingine ya BLS inatuonyesha thamani ya kuendelea. Mwaka 2023, kwa watu wa miaka 25 na zaidi wanaofanya kazi muda wote, aliyeishia sekondari alipata dola 899 kwa wiki, mwenye digrii ya miaka miwili dola 1,058, mwenye ya miaka minne dola 1,493. Hatua ya kwanza inaongeza dola 159 kwa wiki. Ya pili inaongeza 435.

Mfano wa hesabu kamili

Chukua yule wa ghalani wa dola 20. Ada 8,100, laptopu na vitabu 2,500, mshahara uliopotea 28,800: jumla 39,400. Pell ikibeba ada, vitabu na laptopu, inabaki 28,800.

Akipata kazi ya dola 25 kwa saa, nyongeza ni dola 5 mara saa 2,080, yaani 10,400 kwa mwaka kabla ya kodi. Mwenye Pell anarudisha gharama kwa miaka 2.8, asiye nayo kwa miaka 3.8. Akipata kazi ya dola 22 tu, nyongeza ni 4,160, na miaka inakuwa karibu 7 kwa wa kwanza na 9.5 kwa wa pili. Akibaki na saa 32 za kazi badala ya 25, mshahara uliopotea unashuka hadi 15,360. Ingiza namba zako, na ufanye mara tatu: kazi nzuri, kazi ya wastani, na kutopata kazi ya kompyuta kabisa. Kama familia haiwezi kuvumilia ile ya tatu, punguza krediti au tafuta mwajiri wa kulipa.

Njia ya kuhama: miaka miwili ya chuo cha jamii na miwili ya chuo kikuu cha umma ni ada ya dola 31,320 kwa wastani wa 2024–25, badala ya 46,440 kwa miaka yote minne chuo kikuu. Akiba ni 15,120. Lakini National Student Clearinghouse, shirika linalokusanya takwimu za wanafunzi, limeonyesha kuwa kati ya watu 100 wanaoanzia chuo cha jamii, kama theluthi moja tu huhama, na takriban 16 ndio wanaomaliza digrii ya miaka minne ndani ya miaka sita. Akiba hiyo ni ya hao 16.

Kukikagua chuo chenyewe

Fungua College Scorecard, tovuti ya serikali kuu, andika jina la chuo, nenda kwenye fani ya uprogramu au sayansi ya kompyuta, usome kipato cha wahitimu. Wakiwa wachache mno namba haitaonyeshwa, na hiyo nayo ni habari. Kisha fungua College Navigator, tovuti nyingine ya serikali, usome asilimia ya wanaomaliza na ya wanaohama. Chuo kiwe na ithibati ya taasisi inayotambuliwa, kama HLC, SACSCOC au NECHE. Jihadhari na vyuo vinavyoendeshwa kwa faida vinavyokupigia simu mara tano kwa siku: Corinthian ilifungwa 2015 na ITT Tech 2016, na maelfu ya wanafunzi walibaki na mikopo.

Halafu mwandikie mkuu wa idara maswali haya. Somo la pili la uprogramu na la miundo ya data hufunguliwa kila muhula, au mara moja kwa mwaka? Likiwa mara moja na ukalikosa, umepoteza mwaka. Mtaala ulibadilishwa lini mara ya mwisho, na Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, inafundishwa? Wahitimu watatu wa mwisho waliopata kazi, wako kampuni gani? Asiyeweza kujibu la tatu hajawafuatilia.

Yanayoharibika katikati

Kujitoa mapema. Ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, sehemu ya msaada lazima irudishwe, na chuo kinaweza kukudai wewe. Katika muhula wa wiki 16, mpaka uko kama wiki ya kumi. Ukizidiwa, zungumza na ofisi ya msaada wa fedha kabla ya kubonyeza kitufe cha kuacha. Kubaki na somo moja kunaweza kuzuia deni.

Kushuka kwa maendeleo. Kwa kawaida vyuo hutaka wastani wa alama wa 2.0 na umalize asilimia 67 ya krediti ulizojaribu, la sivyo msaada unasimama. Ugonjwa, uzazi na msiba ni sababu za kukata rufaa, ikiwa una hati.

Somo la pili la uprogramu. La kwanza hupita kwa kufuata mifano ya mwalimu. La pili linakutaka utengeneze mwenyewe. Anayetaka kulivuka asilisogeze mbali: alichukue muhula unaofuata moja kwa moja, lisiwe pamoja na kalkulasi, na atumie saa za ofisi za mwalimu tangu wiki ya pili. Na usiache akili mnemba ikuandikie kazi za nyumbani katika mwaka wa kwanza. Kwenye mtihani wa karatasi na kwenye usaili wa kazi utakaa peke yako.

Ratiba ya anayelenga Agosti

Oktoba, jaza FAFSA na uanze kutathminiwa vyeti. Novemba na Desemba, maliza kozi moja ya bure ya Python kutoka mwanzo hadi mwisho. Usipoweza kuimaliza kwa kukosa hamu, umeokoa maelfu ya dola. Januari hadi Machi, rudia hesabu, fanya mtihani wa kupangiwa darasa, fanya CLEP. Aprili, chora ile mistari ya masomo na upate jibu la barua pepe kutoka chuo kikuu. Mei, muulize mwajiri kuhusu ada na zamu. Juni, jiandikishe mapema kabla madarasa ya jioni hayajajaa, somo la kwanza la uprogramu na hesabu zikiwa ndani. Agosti, kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha somo kwa kurudishiwa ada yote, ambayo mara nyingi huwa ndani ya wiki moja au mbili za mwanzo, pitia silabasi zote, jumlisha saa zinazodaiwa kwa wiki, na kama zimezidi ulizo nazo, ondoa somo moja siku hiyohiyo.